Ukishinda, gari lako liko sokoni

Nchini Finland kuna mbio za magari ambazo mshindi anaweza kurudi nyumbani na kikombe chake huku gari likiondoka na mtu mwingine. Hajaibiwa, wala hadaiwi. Ndiyo kanuni ya mchezo: mbio zikiisha, mwenye leseni yeyote anaruhusiwa kuomba kununua gari lolote lililoshindana, kwa bei moja iliyopangwa na chama. Waombaji wakiwa wengi, inapigwa kura ya bahati. Mwenye gari akigoma kuuza, anafungiwa leseni.

Wafini huziita mbio hizo jokamiehenluokka, yaani daraja la kila mtu. Sweden wanasema folkrace, Norway bilcross. Uwanja ni mfupi, wa changarawe au changarawe iliyochanganywa na lami, tena umejaa kona ili mwendo usizidi sana kilomita 80 kwa saa. Magari ni makuukuu, ya aina ya Toyota Corolla au Volvo 240, yaliyong'olewa viti na mapambo, yakafungwa mabomba ya chuma ndani ili yakibingirika dereva asipondwe. Kijana wa miaka 15, ambaye bado hajafikia umri wa kuendesha gari barabarani, humo anashindana. Na kwa miaka mingi bei ya gari lolote nchini Finland ilikuwa euro 1,400, liwe la kwanza au la mkia.

Kanuni hiyo ni jibu la swali lililousumbua mchezo wa magari tangu zamani: ufanyeje ili mwenye pesa asimfukuze uwanjani asiye nazo?

Bei ya dukani

Afrika Mashariki nayo iliwahi kulijibu swali hilo, kwa namna yake. Mwaka 1953, Eric Cecil na wenzake walipoandaa Coronation Safari kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, mbio zilizopita Kenya, Uganda na Tanganyika, hawakuyapanga magari kwa ukubwa wa injini. Waliyapanga kwa bei ya dukani. Gari la bei nafuu lilishindana na wenzake wa bei nafuu, na yote yalitakiwa yawe kama yalivyotoka kiwandani. Alan Dix aling'ara katika daraja lake akiwa na Volkswagen ndogo.

Wazo lilikuwa zuri, ila lilikuwa na tundu. Bei ya dukani hulipima gari siku linaponunuliwa. Haijui kinachofanyika gereji usiku. Viwanda vilipogundua kuwa ushindi wa Safari unauza magari, vilileta mafundi wao, spea zao na, miaka ya baadaye, hata helikopta za kutazama njia iliyo mbele. Madaraja ya bei yaliachwa, mahali pake ukashika ukubwa wa injini. Mbio zilizoanzishwa ili mtu ashindane na gari lake la kwendea kazini zikawa uwanja wa makampuni.

Mchezo uliozaliwa kwa ajili ya runinga

Ralikrosi, mchezo ambao folkrace ni tawi lake la bei nafuu, ilizaliwa Jumamosi ya tarehe 4 Februari 1967, katika uwanja wa Lydden Hill, kati ya Canterbury na Dover nchini Uingereza. Mtayarishaji wa vipindi vya runinga, Robert Reed, alitaka kitu cha kuonyesha majira ya baridi. Mbio za rali hazikumfaa: magari hupita msituni moja moja, na kamera haiwezi kuyafuata yote. Basi madereva wa rali waliletwa kwenye uwanja mmoja, nusu lami na nusu udongo, wakaondoka pamoja. Vic Elford alishinda kwa Porsche 911.

Katika miaka iliyofuata, mtu wa kawaida aliingia kwenye mchezo huu kwa gari la Mini. Lilikuwa jepesi, spea zake zilipatikana kila kona, na fundi wa mtaani aliijua injini yake. Lakini utengenezaji wa Mini ya asili, ulioanza mwaka 1959, ulisimama mwaka 2000. Magari yaliyobaki yakageuka lulu ya wakusanyaji. Bodi iliyokuwa ikitupwa kwenye chuma chakavu sasa inasuguliwa na kuwekwa kwenye maonyesho. Dereva wa ralikrosi akajikuta anagombea bodi hiyo na tajiri ambaye hana nia ya kuipaka tope.

Juu kabisa ya mchezo, pesa ziliingia kwa mlango mwingine. Mwaka 1986, baada ya vifo vya madereva na watazamaji, magari yenye nguvu nyingi ya Kundi B yalipigwa marufuku katika ubingwa wa dunia wa rali. Mashine hizo, kama Peugeot 205 Turbo 16 na Ford RS200, zilipata hifadhi katika ralikrosi ya Ulaya hadi mwisho wa 1992. Watazamaji walifurahi. Mtu aliyejitengenezea gari nyuma ya nyumba hakuwa na la kufanya.

Ubingwa wa dunia ulipoanza mwaka 2014, gari la daraja la juu lilikuwa na nguvu za farasi zipatazo 600. Mwaka 2022 daraja hilo likahamia kwenye umeme. Julai 2023, hapo hapo Lydden Hill, moto uliteketeza magari mawili ya umeme ya Lancia Delta ya timu moja. Msimu ukasimama kwa muda, kisha ukamaliziwa kwa magari madogo ya umeme yaliyofanana yote.

Kwa nini bei moja inafanya kazi

Kila daraja la bei nafuu huanza kwa nia njema na kitabu chembamba cha kanuni. Kisha mmoja anafunga shokapu zinazozidi thamani ya gari zima, anashinda, na wenzake wanalazimika kumfuata. Chama kinaongeza ukurasa wa kukataza shokapu. Pesa zinahamia kwenye matairi. Kinakataza matairi, zinahamia ndani ya injini, ambako mkaguzi haoni mpaka aifungue.

Folkrace haihangaiki kumkagua mtu kiasi hicho. Ukitaka kutia injini ya euro 5,000, tia. Lakini jioni jirani yako anaweza kuichukua kwa bei ile ile ya chama. Badala ya mkaguzi mmoja, kila mshindani ni mkaguzi, tena mwenye hamu ya kununua.

Hila hazikosekani. Marafiki wa mwenye gari nao wanaweza kuingiza majina kwenye kura ili gari lisitoke nyumbani. Na yapo yasiyozuiwa na bei ya gari: kofia, kiti na mikanda ya usalama yenye tarehe ya kuisha muda, mafuta, na gari la kubebea gari. Hata Corolla kuukuu zinaadimika, kwa sababu magari ya siku hizi yamejaa vifaa vya elektroniki visivyotengenezeka kwa nyundo na spana. Ndiyo maana Finland ilibidi ipandishe ile bei.

Kenya leo, mashindano ya autocross, mbio za magari kwenye uwanja wa udongo, hugawanywa kwa idadi ya magurudumu yanayosukuma gari na kwa injini kuwa na turbo au kutokuwa nayo, na watoto wana madaraja yao ya vigari vidogo. Bei ya dukani ya 1953 imebaki kumbukumbu.

Huko Finland, kijana aliyepoteza gari kwenye kura anapokea pesa zake, anakung'uta vumbi, na wiki inayofuata yuko kwa wauza magari mabovu akitafuta jingine. Aliyelinunua amepata gari lililoshinda. Namna ya kulitengeneza hakuuziwa.