Kiwanda cha Kajjansi na Mabonde Yetu



Tangu kambi za pembeni ya Goma zibomolewe Februari 2025 na watu kurudi makwao, swali tunalokutana nalo sana kwenye tereni, Masisi na Walikale, ni la nyumba. Simenti ni ghali, na barabara munaijua wenyewe. Basi vikundi vingi vinaomba kusaidiwa kuchoma matofari. Tumeona vizuri tulete hapa historia ya jirani mmoja aliyedumu katika kazi hii.

Uganda Clays ilianza mwaka 1950 huko Kajjansi, kwenye barabara ya Kampala kwenda Entebbe. Wenzetu waliokimbilia Uganda wakafika hadi Kampala, huenda waliiona. Iliwekwa pale juu ya udongo wa mfinyanzi ulioko bondeni. Ilitengeneza matofari na vigae chini ya Waingereza, ikapita uhuru wa 1962, ikapita Amin, ikapita vita mpaka 1986. Kiwanda kingapi chetu Kivu kimepita hayo yote?

Kazi yenyewe wazee wa Masisi wanaijua: kuchimba, kukanda, kufyatua, kuanika, kuchoma. Shida iko kwenye haraka. Tofari likiingia tanuruni na maji ndani, linapasuka. Lisipopata moto wa kutosha, karibu digrii 900 na zaidi, mvua yetu italirudisha kuwa matope, na mama mwenye nyumba ndiye atakayelia. 

Halafu kuna swali la mwenye mali. Hisa za kampuni ziliuzwa kwa raia, na Januari 2000 ikawa kampuni ya kwanza ya Uganda kuuza hisa zake kwenye soko la hisa la Kampala. Mwenye hisa nyingi leo ni NSSF, yaani mfuko wa akiba za wafanyakazi. Ni kama likirimba kubwa sana, tunaweza kusema. Lakini likirimba nayo inaweza kukosea mahesabu: walipojenga kiwanda cha pili Kamonkoli, mashariki ya Uganda, madeni yaliwalemea kwa miaka. Kikundi cha watu ishirini kinachotaka mashine mbili kabla ya kuuza tanuru la kwanza kisome hapo mara mbili.

Kuhusu moto, Kajjansi wametumia pia maganda ya kahawa. Sisi tunakata miti tu. Tangu 2007 mradi wa EcoMakala umesaidia wakulima wa Kivu Kaskazini kupanda miti ya makala, ili msitu wa Virunga upumue. Kikundi cha matofari kisichopanda mti wake mwenyewe kitaishia kugombana na jirani.

Na ugomvi ulio mbaya zaidi ni wa bonde. Familia nyingi hazijarudi bado, na bonde linaloonekana tupu lina mwenyewe. Ukichimba shimo la mita mbili kwenye shamba la mtu, huwezi kumrudishia shamba lile tena. Kwa hiyo, kabla hatujatoa jembe hata moja, tunaomba kikundi kije na shefu wa lokalite pamoja na majirani wa pande zote nne za bonde, hata wale ambao hawasalimiani. Vikundi viwili vimeshafanya hivyo. Kimoja kilikuta mwenye bonde yuko Nakivale, kikampigia simu, na sasa kinangoja jibu lake.