O. Henry: Mtunzi Aliyelificha Jina Lake

Miongoni mwa watunzi wa hadithi fupi wa Marekani, wachache wamesomwa na watu wengi kama yule aliyeitwa O. Henry. Jina hilo hakupewa na wazazi. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa William Sidney Porter, naye alikuwa na sababu nzito ya kulificha. Siri ya mtungi aijuaye kata. Wengi wa wasomaji wake hawakuijua siri hiyo mpaka mtunzi alipokuwa amekwisha kufariki.

Porter alizaliwa mwaka wa 1862 katika mji wa Greensboro, jimbo la North Carolina, wakati Wamarekani walipokuwa wakipigana wenyewe kwa wenyewe. Baba yake alikuwa tabibu. Mama yake alifariki kwa kifua kikuu, na mtoto akalelewa na shangazi yake, mwalimu aliyemtia mapenzi ya vitabu. Alipokuwa kijana alifanya kazi katika duka la dawa la ami yake, na mwaka wa 1881 akapata hati ya mchanganya dawa. Msomaji na aikumbuke hati hiyo, maana ilikuja kumfaa mwenyewe mahali asipopatarajia.

Mwaka wa 1882 alikwenda Texas kutafuta afya. Huko alimwoa Athol Estes mwaka wa 1887, akachora ramani katika Ofisi ya Ardhi ya jimbo, kisha mwaka wa 1891 akawa karani wa benki katika mji wa Austin. Lakini moyo wake ulikuwa katika kuandika. Mwaka wa 1894 alianzisha gazeti dogo la mzaha, likadumu kwa muda wa mwaka mmoja tu. Katika mwaka huohuo upungufu wa fedha ulionekana katika vitabu vyake vya hesabu, naye akaiacha benki.

Mwaka wa 1896 alishtakiwa kwa wizi wa fedha za benki. Badala ya kwenda mahakamani, alibadili gari moshi njiani, akatorokea New Orleans, na kutoka huko akavuka bahari mpaka Honduras. Kukimbia huku kulimharibia zaidi kuliko mashtaka yenyewe, kwa kuwa aliye mbali hawezi kujitetea. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mapema mwaka wa 1897 alipata habari kwamba mkewe yu mahututi, akarudi akijua kuwa sheria inamngoja. Athol alifariki mwezi wa Julai mwaka huo. Machi 1898 Porter alihukumiwa kifungo cha miaka mitano kwa fedha zisizofika dola 1,000. Mwenyewe alikana kosa. Wako wanaoamini kuwa alichukua fedha zile, na wako wasemao kuwa benki ile ilitunza hesabu zake ovyo.

Katika gereza la Ohio ile hati ya dawa ilimwokoa na kazi ngumu. Aliwekwa kuwa mchanganya dawa wa zamu ya usiku, na wagonjwa walipolala alishika kalamu. Alikuwa na binti mdogo, Margaret, aliyekaa na babu na bibi yake akiambiwa kuwa baba yuko safarini kwa kazi. Mtoto huyo alihitaji matunzo. Hadithi zilipelekwa kwa wahariri kwa mkono wa rafiki, ili wasijue zimetoka gerezani. Desemba 1899 gazeti la McClure's lilichapa mojawapo chini ya jina la O. Henry. Alifunguliwa Julai 1901 kwa ajili ya mwenendo mwema.

Mwaka uliofuata alihamia New York. Gazeti la New York World lilimlipa dola 100 kwa kila hadithi, na kila juma alitakiwa kutoa moja. Matajiri wa mji ule walikuwa na msemo kwamba watu 400 tu ndio wenye kustahili kujulikana. Yeye mwaka wa 1906 alikiita kitabu chake "The Four Million", yaani milioni nne, hesabu ya wakazi wote wa mji. Aliandika habari za wauza duka, makarani, polisi na maskini wasio na makazi. Katika hadithi yake mashuhuri ya mwaka wa 1905, mke maskini auza nywele zake ili amnunulie mumewe mkufu wa saa, kumbe mume ameuza saa ili amnunulie mkewe vitana.

Wahakiki humlaumu kwamba alitegemea mno miisho ya kushtukiza. Lawama hiyo ina haki. Tena maisha yake hayakunyooka: ulevi na madeni vilimwandama, akafa tarehe 5 Juni 1910, umri wake miaka 47. Hata hivyo, tangu mwaka wa 1919 hadithi fupi bora zimekusanywa na kutuzwa kwa jina lake.

Vijana wasidhani kuwa gereza ndilo lililomfanya mtunzi. Wengi huingia humo wasitoke na kitu. Porter aliingia akiwa na kazi aliyojifunza vizuri, na mtoto wa kumtunza, akatumia saa alizoachiwa. Jina aliloliona la aibu hakulitumia tena katika vitabu vyake. Leo linasomwa juu ya kaburi lake huko Asheville, wala hakuna alionaye haya.