Sita, Saba na Tisa: Majina ya Hesabu na Mtoto wa Darasa la Kwanza

Mwalimu anayewafundisha watoto wadogo kuhesabu kwa Kiswahili hukutana na jambo ambalo vitabu vya sarufi hulitaja kwa mstari mmoja na kuliacha. Mtoto akiambiwa ahesabu viti vya darasani, husema kiti kimoja, viti viwili, vitatu, vinne, vitano. Afikapo kwenye sita, upatanisho hukatika. Akisema “visita” husahihishwa. Ni viti sita, viti saba. Kisha ghafla upatanisho hurudi, viti vinane, nao hutoweka tena katika viti tisa. Mtoto ambaye hakuzaliwa katika Kiswahili, na hao ndio wengi nchini Kenya, huuliza sababu, na kwa kawaida huambiwa kwamba ndivyo lugha ilivyo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jibu la kweli lipo, kwamba ni jibu la kihistoria, na kwamba lina manufaa kwa mwalimu wa hesabu wala si kwa mwanaisimu peke yake.

Yaeleweka na wote kwamba sita, saba na tisa ni maneno yaliyotoka katika Kiarabu. Hayakubali viambishi vya ngeli kwa kuwa yaliingia lugha ikiwa tayari na utaratibu wake. Nane ni la Kibantu, ndiyo maana hupatana. Kumi nalo ni la Kibantu, lakini lina tabia ya nomino, na wingi wake ni makumi. Kwa hiyo mtoto anayetatizika kati ya tano na kumi anatatizika mahali pale pale ambapo historia ya pwani iliacha alama yake.

Kabla ya maneno hayo palikuwa na mengine. Sita iliitwa tandatu, saba iliitwa fungate, na tisa iliitwa kenda. Jamaa zake wangali hai katika lugha za jirani. Mgiriama husema tandahu, fungahe na chenda. Mkikuyu husema ithathatu kwa sita na kenda kwa tisa. Jina Mijikenda, ambalo sasa ni la kawaida magazetini na serikalini, lina maana ya miji tisa, lakini nimewauliza wanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni maana ya sehemu ya pili ya jina hilo, na wengi wao hawakuijua. Fungate nayo imebaki kwa mlango mwingine: ni zile siku saba za arusi, ingawa siku hizi watu huzirefusha au kuzifupisha kadiri ya mfuko wa bwana arusi.

Maneno haya ya kale yalikuwa na hesabu ndani yake. Tandatu huelezwa na wataalamu wengi wa Kibantu kuwa tatu na tatu. Nane kuwa nne na nne. Fungate wapo waliolifasiri kuwa ni kufunga vidole vitatu: katika vidole kumi, ukivikunja vitatu, vilivyobaki ni saba. Ikiwa fasiri hiyo ni sahihi, basi jina lenyewe ni zoezi la kutoa. Wala jambo hili si la Kibantu peke yake. Katika Kijaluo, sita ni auchiel, neno ambalo ndani yake mtu husikia achiel, yaani moja, na saba ni abiriyo, ambalo hutukumbusha ariyo, yaani mbili. Mkono mmoja umekwisha, na mwenye kuhesabu anaanza wa pili. Mtoto wa Kisumu huja shuleni akiwa na jedwali la kujumlisha kinywani mwake, nasi humwambia aliache mlangoni.

Kiswahili cha pwani kilipokea zaidi ya maneno matatu. Ishirini, thelathini, arobaini hata tisini, pamoja na mia na elfu, yote ni ya Kiarabu. Laki ilitoka Bara Hindi. Edward Steere, katika kitabu chake cha sarufi kilichotolewa mwaka 1870, aliorodhesha hata edashara na thenashara, yaani kumi na moja na kumi na mbili za Kiarabu. Hizo hazikudumu katika matumizi ya kawaida, na kwa maoni yangu ni bahati njema. Mtoto asemaye “kumi na moja” amekwisha kusema kwamba pana kumi, na pana moja juu yake. Majina ya Kiingereza ya idadi hizo mbili hayamwonyeshi hilo. Mwaka 1987 Kevin Miller na James Stigler walichapisha uchunguzi uliowalinganisha watoto wadogo wa Taiwan na wa Marekani katika kuhesabu. Wamarekani walijikwaa hasa baada ya kumi, mahali ambapo Kichina husema waziwazi kumi-moja, kumi-mbili. Kiswahili kina uwazi huo huo hata kumi na tisa, kisha hufunga dirisha. Ishirini haionyeshi mbili wala kumi kwa mtoto asiyejua Kiarabu. Makumi mawili ingeonyesha.

Nje ya darasa mtoto wa zamani alijifunza hesabu kwa mikono yake. Shibiri mbili zilikuwa mkono, mikono minne ikawa pima. Vibaba vinne vilikuwa pishi. Hapo awali rupia iligawanyika kuwa anna 16 au pesa 64; baadaye iliondolewa na shilingi ya senti 100 ikashika mahali pake mwanzoni mwa miaka ya 1920. Mtu aliyekua katika vipimo hivyo aligawa kwa mbili na kwa nne bila kalamu, na lugha ilimpa maneno: nusu, robo, kasorobo, thumuni. Hili la mwisho lina kisa chake, kwani maana yake ni sehemu moja ya nane, lakini sumuni tuliyoijua sisi utotoni ilikuwa senti 50, nusu ya shilingi, na hakuna mwalimu aliyetufafanulia. Nikiwa masomoni ng’ambo nilisoma kitabu cha John Gay na Michael Cole cha mwaka 1967 juu ya Wakpelle wa Liberia. Watu wazima wa kabila hilo, ambao watoto wao walionekana wazito wa hesabu shuleni, waliwashinda Wamarekani kwa mbali katika kukadiria idadi ya vikombe vya mchele vilivyomo katika bakuli. Niliposoma hayo nilimkumbuka nyanya yangu akipima mahindi sokoni.

Historia ya sera twaweza kuipitia kwa haraka. Ripoti ya Tume ya Ominde ya mwaka 1964 iliunga mkono Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilirudisha lugha ya eneo la shule kwa miaka mitatu ya mwanzo. Tanzania ilikuwa imechukua njia nyingine tangu 1967, na hisabati ya shule za msingi ikapata msamiati wake: kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya. Kwetu Kenya sera ilibaki katika maandishi kuliko katika mafunzo, kwa kuwa vitabu vingi vya hesabu vya madarasa hayo huandikwa kwa Kiingereza, na mwalimu hulazimika kutafsiri papo hapo, kila mmoja kwa namna yake.

Na tafsiri ya papo hapo ina hatari. Chukua kitenzi kuzidi. “Asha amemzidi Juma kwa matano” ni habari ya kutofautisha; “zidisha kwa matano” ni amri ya kufanya mara tano. Shina ni moja, kazi ni mbili, na mtoto anayejumlisha mahali pa kuzidisha huenda akawa amesikiliza lugha kwa makini kuliko aliyemsahihisha. Mimi ningependelea neno mara litangulie katika mwaka wa kwanza: mara tatu, mara nne. Mtoto analijua tangu nyumbani, maana amekwisha kuambiwa mara tatu aoge.

Sipendekezi kwamba tandatu na fungate zirudishwe kwa amri. Lugha haifuati amri ya namna hiyo, na mtoto anayekwenda dukani akiomba mayai tandatu atarudi mikono mitupu. Ninachodai ni kidogo zaidi. Mwalimu anayefunzwa chuoni afundishwe kwa nini viti sita havipatani na viti vinane vinapatana. Makumi mawili na makumi matatu yatumike kama daraja kwa majuma machache kabla ya ishirini na thelathini. Na mtoto wa Kijaluo au wa Kigiriama aulizwe, siku ya kwanza kabisa, kwao wanahesabuje, kisha majibu yaandikwe ubaoni kando ya yale ya Kiswahili.

Wapo wenzetu watakaosema kwamba mambo haya ni ya idara ya elimu, si ya idara ya lugha. Idara ya elimu nayo hutuambia kwamba majina ya hesabu ni kazi ya wanaisimu. Mwaka baada ya mwaka watoto wamekuwa wakisema visita katikati ya idara hizo mbili.