Sponji Chini ya Kifuniko

Udonoe uzi mnene kuliko zote wa gitaa la besi, kisha uuache. Utatetemeka mara 41 hivi kwa sekunde, na kama nyuzi ni mpya utaendelea kuvuma hata mpiga ngoma akishagonga mapigo manne, matano, sita. Anayepiga peke yake chumbani ataufurahia mvumo huo. Kwenye bendi ni balaa. Noti ya kwanza inaikanyaga ya pili, ya pili inaifunika ngoma ya mguu, na mwimbaji analazimika kupaza sauti kutoka ndani ya ukungu. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. La ajabu ni kwamba aliyelitoa gitaa hili kiwandani alilifahamu tatizo hilo tangu mwanzo, akaliwekea dawa, na wengi walioinunua dawa hiyo waliing'oa na kuitupa.

Mtu huyo alikuwa Leo Fender, fundi redio wa Fullerton, California, ambaye mwenyewe hakujua kupiga gitaa. Mwaka 1951 alitoa ala aliyoiita Precision Bass. Kabla ya hapo, sauti ya chini katika bendi ilikuwa kazi ya besi ya kusimama, lile fidla kubwa linalomzidi mpigaji kimo, lisiloingia kwenye gari bila ugomvi na ambalo tarumbeta mbili tu zilitosha kulimeza. Fender alichukua ubao mzima usio na uwazi ndani, akautia nyuzi nne za chuma, akapanga vijiti vya chuma shingoni ili kila noti ikae mahali pake barabara, kisha akaunganisha yote na kipaza sauti. Jina Precision lilitokana na vijiti hivyo: kidole kikibonyeza, noti haina shaka.

Lakini masikio ya watu yalikuwa yamelelewa na besi ya kusimama. Ile ya zamani ilifungwa nyuzi za utumbo wa mnyama, na noti yake ilitoka kama ngumi iliyopigwa juu ya meza ya mbao: nzito, yenye duara, kisha imekwisha. Ala mpya iliimba, tena iliimba mno. Ndiyo maana chini ya kifuniko cha chuma king'aacho kilicholifunika daraja, mahali nyuzi zinapoishia, kiwanda kilibandika kipande cha sponji kilichozigusa nyuzi. Hicho ndicho kizimio, kitu cha kuuzima mlio kabla haujawa kero.

Utendaji wake ni rahisi, na una akili. Uzi ukidonolewa hutetemeka wote kwa pamoja, na wakati huohuo hutetemeka kwa nusu, kwa theluthi, kwa robo. Mtetemo wa uzi mzima ndio unaotupa noti yenyewe. Ile midogo ndiyo inayotia ukali, ule mlio wa chuma kwa chuma. Karibu na daraja, mtetemo mkubwa hausogei sana, ila ile midogo inacheza kwa nguvu zaidi. Sponji ikiwekwa hapo huimeza midogo kwanza, ikauacha ule mkubwa upite na ufe taratibu kidogo baadaye. Noti inabaki, makelele yanaondoka. Mpiga ngoma hufanya jambo la jamaa yake anapoilaza ngozi kwa kiganja mara tu baada ya kuipiga. Tofauti ni kwamba sponji haichoki, wala haimnyang'anyi mpigaji mkono.

Fender hakuridhika na jibu moja. Jazz Bass ilipotoka mwaka 1960 ilikuwa na vizimio vinne, kila uzi na pedi yake ya felti juu ya kijichuma chenye springi. Ulikuwa ufundi wa kupendeza, ila haukudumu zaidi ya miaka michache. Sponji ya kawaida ikarudi kazini. Rickenbacker, kwa upande wao, waliitia sponji ndani ya daraja la 4001 na kuweka skrubu za kuipandisha au kuishusha kwa vidole. Hata Music Man StingRay ya mwaka 1976, ala iliyosifiwa kwa ukali wa sauti, ilizaliwa na kizimio kwa kila uzi.

Nyumba iliyoipa sponji heshima yake iko Detroit, katika barabara ya West Grand Boulevard, namba 2648. Kabla Berry Gordy hajaifanya makao ya Motown, ilikuwa studio ya mpiga picha. Ndani yake, katika chumba kidogo ambacho wanamuziki walikiita shimo la nyoka, alikaa James Jamerson, mzaliwa wa South Carolina mwaka 1936, aliyeanza na besi ya kusimama na hakuisahau. Precision yake ya mwaka 1962 ilikuwa bado na kifuniko, na chini ya kifuniko sponji. Nyuzi zake zilikuwa nene, za uso laini, na hakuzibadilisha mpaka zikatike. Alizidonoa kwa kidole kimoja tu, cha shahada, ambacho wenzake walikiita ndoano.

Angalia jinsi mambo hayo yalivyofuatana. Sponji inafupisha noti, nyuzi kuukuu zinaondoa ukali, na matokeo yake ni nafasi. Chumbani mle mlikuwa na gitaa mbili au tatu, piano, matari, pengine wapiga ngoma wawili, na juu yao waimbaji. Besi yenye mvumo mrefu ingekaa kwenye kila pengo. Ya Jamerson ilisema neno lake ikanyamaza, na kwa kuwa ilinyamaza, aliweza kusema maneno mengi. Ile mistari yake inayokimbia, inayoruka mapigo na kurudi kabla hujaikosa, ingekuwa tope tupu kwenye ala isiyozimwa. Tulizoea kudhani kizimio humpunguzia mpigaji uhuru. Kwa Jamerson kilimpa.

Kwa miaka mingi aliyekuwa akimsikia hakumjua. Vifuniko vya santuri za Motown viliwataja waimbaji. Waliopiga ala hawakuandikwa. Ilikuwa hadi mwaka 1971, katika albamu ya Marvin Gaye iitwayo What's Going On, ndipo majina yao yalipochapishwa, na jina la Jamerson likatajwa kwa sifa ya mtu asiye na mfano. Wakati huo dunia ilikuwa imecheza kwa vidole vyake kwa zaidi ya miaka kumi.

Upande wa pili wa nchi, Los Angeles, Carol Kaye alifika mahali palepale kwa njia yake. Alikuwa mpiga gitaa wa jazi aliyeingia kwenye besi mwaka 1963, na ndani ya miaka michache akawa miongoni mwa wapigaji waliotafutwa sana na studio za mji ule. Yeye alipiga kwa kijiti kigumu, na ili ugumu huo usiwe kelele, alikunja kipande cha felti akakibandika kwa utepe juu ya nyuzi, karibu na daraja. Gharama yake haikuzidi bei ya chai. Huenda umesikia besi yake kwenye filamu na tamthilia za Marekani za miaka ile bila kujua kwamba ni mama mmoja na kipande cha kitambaa.

Kisha upepo ukageuka. Nyuzi za mzunguko, zenye uso wa mikwaruzo na sauti kama ya piano, zilienea kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960. Larry Graham akaanza kuzigonga nyuzi kwa dole gumba na kuzichomoa kwa vidole. Mwaka 1976 Jaco Pastorius alitoa albamu yake ya kwanza, na besi ikaimba kama mtu. Wapigaji hawakutaka tena kujificha. Vifuniko vilifunguliwa skrubu, sponji zikabanduliwa, na vile vyuma king'aavyo vikapata jina jipya: visahani vya majivu, kwa kuwa vilifaa kuzimia sigara.

Jamerson hakugeuka na upepo. Motown ilihamia Los Angeles mwaka 1972, naye akaifuata, lakini huko maproduza walitaka nyuzi mpya na sauti inayong'aa. Alishikilia ala yake na nyuzi zake. Kazi zikapungua, pombe ikazidi. Inasimuliwa kwamba mwaka 1983, Motown iliposherehekea miaka 25 mbele ya kamera za televisheni, alinunua tiketi kama mtazamaji mwingine yeyote na kukaa ghorofani. Precision yake iliibwa muda mfupi kabla hajafariki tarehe 2 Agosti mwaka huohuo, akiwa na miaka 47.

Leo kizimio kimerudi, kikiwa na sura nyingine. Kinauzwa kama kibanio cha mpira laini unachokipachika kwenye nyuzi mbele ya daraja, bila skrubu wala gundi, na kukitoa wimbo unapobadilika. Asiyetaka kununua hukata sponji ya kuoshea vyombo. Vyote vinafanya kazi, mradi uvisogeze kwa uangalifu: ukikaribia daraja mno, utaona kama hakuna kilichobadilika, ukienda mbali, noti inakufa kabla haijazaliwa na sauti inayumba. Ukiukandamiza uzi kupita kiasi utapata mgongano wa mbao tu. Mahali panapofaa ni pembamba, na hupatikana kwa sikio.

Wanaovinunua wengi wao wanaitafuta Detroit, na si vibaya. Lakini kibanio kinafupisha noti, hakichagui ipi ipigwe na ipi iachwe. Kinachoweza kumfundisha anayekipachika kwa mara ya kwanza ni jambo dogo: atapiga mstari alioujua siku zote, na ghafla atamsikia mpiga ngoma. Atasikia pumzi ya mwimbaji kati ya maneno mawili. Vilikuwepo tangu awali. Ni mvumo wake mwenyewe uliokuwa umevifunika. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na kule West Grand Boulevard kulikuwa na mtu aliyelijua hilo miaka kumi nzima kabla jina lake halijaandikwa popote.