Kumsoma Muyaka London

Katika maktaba ya SOAS, London, zimehifadhiwa tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa, ambazo Mwalimu Sikujua alimkusanyia mmisionari W. E. Taylor. Zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu, na katika khati ile ya kale ba moja hubeba b na p: ni “bata” au “pata”? Mizani haiamui, kwani silabi ni mbili vilevile. Huamua maana ya ubeti. Lahaja nayo ina ufunguo wake. Ajuaye kwamba “mato” ni macho na “nti” ni nchi, akikuta “matozi” hahitaji kamusi. Basi wazee wetu waliosema “mato” hawakuharibu Kiswahili, wasemavyo baadhi ya walimu. Penye neno lililokufa kabisa, twategemea alichokifafanua Sikujua kabla ya kufariki mwaka 1890.