Vigae vya Sevilla na Njia ya Mlimani ya Granada

Wazazi na wanafunzi wetu, tukitaja Andalusia mara nyingi tunaishia Alhambra. Leo tutazame mji wa Sevilla, Hispania. Huko upo uwanja wa Plaza de España, uliokamilika mwaka 1928. Vibaraza vyake vya kukalia vimepambwa kwa vigae vya rangi, kila jimbo na picha yake. Cha Granada kinaonyesha mji ukikabidhiwa kwa Ferdinand na Isabel, Januari 2, 1492.

Kusini mwa Granada ipo njia ya mlimani iitwayo Suspiro del Moro, yaani mahali Mwislamu aliposhusha pumzi kwa huzuni. Husimuliwa kwamba Mfalme Muhammad XII aligeuka hapo, akautazama mji wake, akalia. Hiyo ni hadithi tu. Yaliyofuata ni historia: mwaka 1502 Waislamu wa Castilla walilazimishwa kubatizwa au kuhama, na kuanzia 1609 vizazi vyao vikafukuzwa nchini.

Hata hivyo, Wahispania hukiita kigae *azulejo*, kutokana na Kiarabu *az-zulayj*. Picha inaonyesha Waislamu wakishindwa; jina la kigae linakumbusha ufundi ulitoka wapi. Tuwafundishe watoto wetu yote mawili.