Njia za Ng'ombe, Njia za Wageni: Miguu Iliyoichora Ngorongoro

Kutoka Nainokanoka hadi Engare Sero, chini ya mlima wa volkano wa Ol Doinyo Lengai, ni mwendo wa siku tatu au nne kwa miguu. Njia inapita kando ya kreta ya Olmoti, inakata nyika ya Bulati, inapanda hadi ukingo wa Empakaai, inateremka Nayobi, kisha inashuka ukuta wa Bonde la Ufa hadi kwenye joto la Ziwa Natron. Watalii huitembea wakiwa na askari mwenye bunduki, kwa sababu ya nyati, na nyuma yao punda wa Wamaasai wamebeba mahema na madumu ya maji. Hakuna kampuni ya utalii iliyoichonga njia hiyo. Waliichonga ng'ombe, punda na watu waliokuwa wakifuata maji, malisho, magadi na soko. Mimi naamini historia ya Ngorongoro inaeleweka vizuri zaidi kwa kuifuata njia hiyo kuliko kwa kuzunguka ndani ya kreta kubwa kwa gari.

Inapoishia, kusini mwa Natron, kuna ushahidi wa jinsi watu walivyoanza zamani kupita hapo. Mkazi wa eneo hilo aliziona nyayo zimeganda katika tope la majivu ya Lengai, na wanasayansi wakazieleza kwa kina mwaka 2016. Ni zaidi ya nyayo 400 za binadamu kama sisi, za kati ya miaka 5,800 na 19,000 hivi iliyopita. Utafiti wa mwaka 2020 ulichambua kundi moja la watu 17 waliokuwa wakielekea kusini-magharibi pamoja, na ukakadiria kwamba 14 kati yao walikuwa wanawake wazima. Huenda walikuwa wakitafuta chakula, kama wanawake wa Kihadzabe wanavyofanya hadi leo.

Lengai si mlima wa kutazama tu. Lava yake ya kabonati, ambayo haipatikani katika volkano nyingine yoyote hai duniani, hutoka nyeusi na nyepesi kama uji, halafu hugeuka nyeupe baada ya muda mfupi. Majivu yake yamepeperushwa na upepo kuelekea magharibi kwa karne nyingi, yakarutubisha mbuga za nyasi fupi ambako nyumbu huzalia. Mfugaji alilijua jambo hilo kwa macho na kwa ulimi wa ng'ombe wake muda mrefu kabla ya maabara kupima madini. Ndiyo maana mifugo ilishushwa hadi ndani ya kreta kubwa kulamba chumvi, na ndiyo maana njia nyingi za zamani zinakutana huko.

Wadatoga walizitumia njia hizo kabla ya Wamaasai, na makaburi ya wakubwa wao yamo ndani ya kreta. Wamaasai walizitwaa katika karne ya 19. Oscar Baumann, Mzungu wa kwanza kuandika kwamba ameiona kreta hiyo, alifika Machi 1892 na msafara wa wapagazi, akawakuta Wamaasai katika janga. Sotoka ilikuwa imemaliza ng'ombe, ndui na njaa zikamaliza watu. Miaka michache baadaye Wajerumani wawili, ndugu wa ukoo wa Siedentopf, walianzisha mashamba ndani ya kreta, wakakaa hadi Vita Kuu ya Kwanza ilipowaondoa.

Kisha ikaja sheria, na swali la nani atembee wapi likahamia ofisini. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyoanzishwa 1951, ilijumuisha nyanda hizi za juu pia. Mwaka 1958 wazee wa Kimaasai walikubali kuondoka Serengeti, na mwaka uliofuata Ngorongoro ikatengwa kuwa eneo la hifadhi ambamo wafugaji na wanyamapori wangeishi pamoja, katika kilomita za mraba zipatazo 8,300. Gavana Richard Turnbull aliwaahidi viongozi wa Wamaasai mwaka huo wa 1959 kwamba maslahi ya wanyama yakigongana na ya watu, ya watu yatatangulia. Ahadi hiyo bado inatajwa mabomani. Mwaka 1974 familia zilizokuwa zikiishi ndani ya kreta ziliondolewa. Mwaka 1975 kilimo kikapigwa marufuku, 1992 kikaruhusiwa, halafu kikazuiwa tena. Katika miaka ya karibuni mifugo imezuiwa kushuka kwenye kreta kubwa, Olmoti na Empakaai.

Empakaai ndipo ninapopaonea uchungu zaidi. Kreta hiyo ina ziwa la magadi lenye kina kirefu, flamingo ukingoni, na msitu unaofunika kuta zake. Kijia kinachoteremka ndani yake kwa mizunguko mikali kilikuwa cha mifugo. Leo mgeni mwenye kibali anakishuka, na kijana wa Nayobi anayemwongoza anaruhusiwa kushuka kama mwongozaji, lakini si kama mchungaji. Hoja za uhifadhi zina uzito wake: watu walikuwa 8,000 hivi mwaka 1959, sasa wanahesabiwa kuzidi 100,000, na maji hayakuongezeka. Hata hivyo, tangu Juni 2022, serikali ilipoanza kuwahamishia Msomera, wilayani Handeni, waliojiandikisha kuondoka, wengi wamepinga, na Agosti 2024 maelfu walijitokeza barabarani kudai haki zao. Mipango ya utalii haijajibu ni nani atakayejua chemchemi ya kiangazi, korongo linalojaa ghafla au kichaka wanakolala nyati, iwapo wanaopita hapo kila siku hawapo.

Kuna mfano mmoja wa ulinzi uliofanywa kwa namna nyingine, katika eneo hilohilo. Mwaka 1978 kikosi cha mwanaakiolojia Mary Leakey kilifukua Laetoli nyayo zenye umri wa miaka milioni 3.66, mstari wa mita 27 hivi wa viumbe waliosimama wima kama sisi. Zilifunikwa udongo, mizizi ya migunga ikaanza kuzitafuna, na katikati ya miaka ya 1990 zikafukuliwa, zikatengenezwa na kufunikwa upya. Safari hii wenyeji waliitwa, laiboni, kiongozi wa kiroho wa Kimaasai, akafanya tambiko, kondoo akachinjwa, kwa sababu wataalamu walielewa kwamba wachungaji wanaopita pale kila siku ndio walinzi pekee wa kudumu. Karibu miaka 20 baadaye, wanaakiolojia Watanzania Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki, wakichunguza ardhi ambako jumba jipya la makumbusho lilipangwa kujengwa, walipata nyayo nyingine za viumbe wa aina ileile mita 150 hivi kutoka pale, zimeelekea upande uleule.